Kwao Petro, Sinza

Tanga letu kubwa lilichanika tulipokuwa tunaipita Mafia, na kwa sababu hiyo Petro akalazimika kutupeleka kwao. Nalisema hili mwanzoni ili asiwepo mtu wa kudhani kwamba mambo makubwa ya dunia huletwa na sababu kubwa.

Tulikuwa wanafunzi watatu wa bweni kutoka Mtwara: Arwa, Petro na mie, Herieth. Boti yetu iliitwa Zumaridi, nyeupe, ya matanga mawili, mali ya chama cha michezo ya baharini ambacho kila likizo ya Juni huwachukua wanafunzi wachache na kuwapandisha pwani kwa pwani mpaka Tanga, ili wajifunze mafundo, upepo na unyenyekevu. Arwa alichaguliwa kwa bidii yake. Petro alichaguliwa kwa sababu anaogelea kama samaki. Mie nilichaguliwa, kwa maneno ya matroni, ili bweni nalo lipate likizo.

Asubuhi tukatia nanga Kunduchi. Nahodha wetu, Kepteni Zubeida, mwanamke wa Lindi ambaye huzungumza na upepo na wanafunzi kwa sauti moja, alilikunja lile tanga akalitia begani kama mtoto mgonjwa.

"Nalipeleka kwa fundi," akasema. "Nyie nendeni mkatembee, mkaone mji. Saa kumi muwe hapa ufukweni, tutoke na maji. Maji hayamsubiri mtu, hata awe mtoto wa nani."

Arwa akasema angependa kuona makumbusho. Arwa ni mtu wa namna hiyo. Akifika mahali huuliza kwanza historia, kisha choo.

"Makumbusho ya nini," nikasema, "na sie tuna mwenyeji? Petro si mtoto wa Sinza? Atutembeze kwao."

Petro alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Akaendelea kuifunga muda mrefu kuliko kiatu kinavyohitaji.

Hapa inanibidi nieleze. Pale shuleni, siku ya wageni, wazazi huja na kuku, chapati na maneno ya kuonya. Kwa Petro haji mtu. Tangu kidato cha kwanza yeye husimama kwenye veranda ya bweni, mikono mfukoni, na kusema, "Kwetu Dar bwana, Sinza. Mbali sana, siwezi kuwasumbua." Basi watu wakamheshimu. Akawa ndiye hakimu wa misemo mipya, mitindo ya nywele na jinsi viatu vinavyotakiwa kuchakaa. Sie wengine tulikuwa na masanduku yenye kufuli. Petro alikuwa na Sinza. Angenyang'anywa Sinza, angebaki na godoro.

Nami nilikuwa najua, na ni mie peke yangu niliyejua, kwamba Petro hajawahi kufika Dar. Likizo moja nilipita Masasi na baba, nikamwona sokoni akisukuma mkokoteni wa mahindi, wiki ileile aliyotuambia atakuwa kwao akila raha za mjini. Nikamuuliza muuza chumvi, yule ni nani. "Yule? Mpwa wake fundi Augustine. Mjomba ndiye aliyeishi Dar, zamani huko, kabla ya kurudi kuoa. Huyo kijana hajavuka Rufiji toka azaliwe." Nikakaa na habari ile kama mtu anavyokaa na nyama kwenye friji: sikuila, sikuigawa, nikawa nasubiri wageni.

Sasa wageni walikuwa wamefika, na wageni ni sisi.

"Twende basi," Petro akasema, akasimama. Uso wake ulikuwa umetulia. Nikavutiwa. Nikawaza kwamba hivyo ndivyo anavyosimama mtu anayekwenda kunyongwa akiwa na malezi mazuri.

Tukapanda mchanga tukapita kwa akina mama waliokuwa wanakaanga samaki, mafuta yakiimba kwenye makarai. Baada ya siku zile za baharini, nchi kavu ilikuwa bado inatikisika. Kila hatua ardhi ilishuka kidogo na kupanda, kama kifua cha mtu aliyelala, na sie tukawa tunatembea juu yake kwa kunyata tusimwamshe. Arwa alishika nguzo ya taa akacheka peke yake. Mwenye bajaji aliyetuona tukiyumba aliuliza kama tumekunywa, asubuhi yote hii.

"Tumetoka baharini, kaka," Arwa akasema.

"Bahari nayo ni pombe," akakubali. Jina lake lilikuwa Nassibu, limeandikwa mgongoni mwa bajaji kwa rangi nyekundu. "Haya, mnakwenda wapi?"

"Sinza," nikasema haraka, kabla mtu hajapata wazo lingine.

"Sinza ipi?"

Nikageuka kumtazama Petro kwa upendo mkubwa.

"Kontena," Petro akasema.

"Kontena ya juu au ya chini?"

"Ile ya zamani," akajibu, polepole, kama mtu anayemtaja marehemu.

Nassibu akamtazama kwenye kioo kwa heshima. "Wewe ni mtu wa kitambo. Vijana wa sasa hawaijui ile."

Nikakiri moyoni kwamba raundi ya kwanza imenipita. Bajaji ikaondoka. Upepo uliingia kwa pembeni, nao ulikuwa na vumbi, mkaa na maandazi, na barabara ya Bagamoyo ikawa inatiririka pande zetu zote mbili kama maji mazito: maduka ya mbao, vitanda vipya vilivyopangwa nje kana kwamba mtu ataamka barabarani, mitungi ya maua, tena vitanda. Mwenge tukawapita wachongaji wamekaa katikati ya vipande vya mpingo. Arwa akasinzia. Petro hakusinzia. Alikuwa anaangalia nje kwa macho ya mtu anayesoma kitabu alichosimuliwa.

Pale Kontena hapakuwa na kontena. Palikuwa na duka la mapazia, fundi viatu, na shimo lililozibwa kwa tairi.

"Kontena liko wapi?" Arwa akauliza.

"Lilikuwepo," Petro akasema.

Nikafungua mdomo. Lakini fundi viatu, bila kuulizwa na mtu, bila hata kuinua kichwa, akasema, "Waliliondoa siku nyingi. Ila pameshakuwa Kontena, sasa utapaitaje?"

Arwa akatoa kishikwambi cha shule akaipiga picha ile nafasi.

Basi ndivyo matembezi yetu yalivyokuwa. Petro alitangulia, mikono mfukoni, akituonyesha vitu visivyokuwepo. Hapa ni Kisimani, akasema. Tukakuta gereji, na mafundi wamelala chini ya gari, miguu nje. Fundi mmoja akasema kutoka chini ya gari kuwa ndiyo, hapa Kisimani, mna shida gani. Pale ni Sinema. Tukakuta kanisa lenye milango ya vioo, na ndani watu wakifanya mazoezi ya kwaya, wakirudia mstari mmoja tu, wakirudia, wakirudia, mpaka tukatoka mtaa ule nao ukiwa bado unatufuata. Kule ni Kwa Mganda. Mganda mwenyewe alishafariki, nyumba ikauzwa, ghorofa likajengwa, na mwenye ghorofa ni Mpare. Lakini mtoto aliyetumwa sukari alituambia anatokea Kwa Mganda.

Ndipo nikaliona kosa katika mpango wangu. Nilitegemea kwamba Petro ana mji wa mjomba wake, mji wa zamani uliokwisha, na kwamba mji mpya utamuumbua. Sikujua kuwa Dar haiziki majina. Kitu kinaondoka, jina linabaki limekaa palepale kwenye kiti chake, na watu wanaliamkia. Mjomba Augustine angeweza kutembea mtaa huu amefumba macho. Petro alikuwa anatembea kwa macho ya mjomba, na hakuna aliyemwambia kuwa si yake.

Jua lilikuwa limekaa katikati, jeupe. Vivuli vilikuwa vimeingia chini ya vitu. Nilisikia redio tatu zikisema habari moja, kila moja ikichelewa kidogo nyuma ya nyingine, na kwa muda sikuwa na hakika kama tunatembea au mtaa ndio unaovutwa chini yetu.

Nikaamua kutumia silaha nzito.

"Petro," nikasema, "mbona hujatuonyesha Mnara wa Nyuki? Ulitusimulia sana."

Hakuwahi kutusimulia. Mnara wa Nyuki niliutunga palepale, mbele ya banda la chipsi, ukiwa bado na moto. Petro akanitazama. Alijua.

"Mnara wa Nyuki," akarudia.

"Ule ule," nikasema. "Au umesahau kwenu?"

Muuza kahawa aliyekuwa anapita na birika lake akasimama. Ni lazima mjue kuwa katika mji huu hakuna mtu asiyejua njia. Kusema sijui ni kumfukuza mgeni. "Mnara wa Nyuki?" akasema. "Mmeshaupita. Rudini nyuma, uchochoro wa pili, mnyooke mpaka mwisho."

"Ahsante kaka," Arwa akasema, na kabla sijasema neno akawa ameshageuka.

Tukaingia uchochoro wa pili. Ulikuwa mwembamba, una nguo zilizoanikwa kutoka ukuta hadi ukuta, tukawa tunapita chini ya mashuka yenye maji kama watu wanaopita chini ya matanga. Mwisho wake palikuwa na uwanja mdogo, na katikati ya uwanja nguzo nne za zege zimebeba tangi kuukuu la maji. Tangi lilikuwa limepasuka ubavuni. Kwenye ule ufa nyuki walikuwa wanaingia na kutoka, wengi, bila haraka, na mvumo wao ulijaa uwanja mzima kama sauti ya mtu anayewaza.

Arwa akapiga picha. Petro alikuwa ameinua uso, mdomo wazi kidogo, na nyuki walikuwa wanapita juu ya kichwa chake bila kumgusa.

Mie niliangalia viganja vyangu. Nilikuwa nimetunga mnara, na mnara umekuja. Nikafikiria kutunga na mgahawa wa wali wa bure, nikaogopa.

"Sasa," Arwa akasema, akifunika kishikwambi, "twende tukamsalimie mama."

"Mama nani?" Petro akauliza.

"Mama yako."

"Leo hayupo. Anakuwaga sokoni."

"Tutamsubiri."

"Anachelewa."

"Tutamwachia salamu kwa jirani. Petro, tumefika mtaani kwenu, tumezunguka kila kichochoro, halafu tuondoke bila kumpa mzazi shikamoo? Mama yangu akisikia hivyo hataniuliza kitu, ataninyamazia tu."

"Ni kweli," nikasema kwa huzuni ya kuigiza. "Tutaonekana watoto wasio na kwao."

Hiki ndicho chakula nilichokuwa nimekiweka friji. Petro akatutazama wote wawili, kisha akatangulia tena. Safari hii hakutaja kitu. Tulipinda kushoto, tukapinda kushoto, tukapita banda la chipsi tulilokwisha kulipita. Nilimhesabia kwamba atasingizia tumbo. Lakini akasimama mbele ya geti la bluu, chakavu, lenye tundu la mkono pembeni ya komeo. Shuleni alikuwa anasemaga kwao ni geti la bluu. Mageti ya bluu Sinza ni kama mchanga Kunduchi.

"Ngojeni," Arwa akasema. "Hatuingii mikono mitupu." Akavuka barabara kwenda kwa muuza machungwa, akaanza kuchagua moja moja, akiyanusa.

Tukabaki wawili.

"Herieth," Petro akasema, bila kunitazama. "Uliniona Masasi."

"Nilimwona mtu anayefanana na wewe. Alikuwa na mkokoteni."

"Uliniona."

"Basi mwambie Arwa kuwa umekosea geti. Mwambie wamehama. Mwambie mama amesafiri. Wewe si fundi?"

"Sina mama," akasema.

Alisema kama unavyosema huna kalamu. "Alifariki nikiwa sijaanza kutembea. Sura yake siijui. Mjomba ana picha moja, na humo amegeuka anacheka na mtu mwingine, inaonekana sikio tu." Akagusa rangi ya geti kwa kidole. "Watu wakiniuliza mama yako yukoje, nikawa nasema. Ukianza kusema huwezi kuishia njiani."

Ninajivunia kuwa na jibu kwa kila jambo. Nimewahi kumjibu padri. Pale nilitafuta jibu, nikakuta mahali pake kama tulivyokuta kontena.

"Twende zetu," nikasema. "Nitasema naumwa. Nitaanguka kabisa, mie najua kuanguka."

Lakini Arwa alikuwa ameshavuka. Mfuko wa machungwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akagonga geti. "Hodi," akaita. "Hodi wenyewe."

"Arwa, mie naumwa," nikasema.

"Utapewa maji ndani. Hodi."

"Karibuni," ikajibu sauti ya mwanamke, na komeo likavutwa.

Alikuwa mama wa makamo, amefunga khanga kiunoni juu ya dera, na mkononi ana ungo wa mchele nusu umepetwa. Alitutazama kama watu wanavyowatazama wanafunzi: akitafuta bahasha ya michango.

"Shikamoo mama," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba wanangu. Karibuni. Mnatoka wapi?"

"Tunatoka Mtwara, mama, tuko na boti, tunakwenda Tanga," Arwa akasema, akimpa machungwa kwa mikono miwili. "Tunasoma na Petro. Tukasema hatuwezi kupita mtaani kwao bila kuja kumwamkia mama yake."

Yule mama hakuyapokea machungwa mara moja. Akamwangalia Arwa. Akaniangalia mimi, sijui aliona nini, maana nilikuwa nimesahau kuupanga uso. Mwisho akamwangalia Petro, ambaye ndiye mvulana pekee, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kukosea. Alianza na viatu, akapanda polepole. Petro alikuwa anatazama ungo. Mchele ulikuwa unang'aa juani.

"Shikamoo mama," Petro akasema tena, kwa sauti ndogo, peke yake.

Kwaya ya kule Sinema ilikuwa bado inarudia mstari wake.

"Marahaba," akasema yule mama. Kisha akavuta pumzi. "Marahaba mwanangu. Sasa mbona umesimama mlangoni kama mgeni?"

Tukaingia.

Akatukalisha kwenye mkeka uani, chini ya kamba ya nguo. Khanga mbili na shuka moja vilikuwa vinapepea juu yetu, na kivuli chao kikawa kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi, hata nikaona uani nako kunayumba. Akaleta chai ya tangawizi na sahani ya vitumbua. Akamimina kikombe cha kwanza akamgeukia Petro.

"Sukari ngapi, baba?"

Arwa akainua macho.

"Kama kawaida," Petro akasema.

Kijiko kikasimama hewani. "Kama kawaida," yule mama akarudia, akaweka vitatu.

"Mama, Petro anakusema sana shuleni," Arwa akasema. Alikuwa na nia njema. Watu wenye nia njema wangepewa leseni kwanza.

"Ananisema? Ananisema nini?" Akakaa kwenye kigoda, akauweka ungo magotini. "Sema mwenyewe, Petro. Nataka nisikie ulichokwenda kuwaambia watu."

Petro akanywa chai. Ilikuwa ya moto mno, akaimeza hivyohivyo.

"Niliwaambia unaimba ukiwa unafagia," akasema. "Asubuhi, kabla hakujapambazuka vizuri. Mie naamka kwa kuusikia wimbo, ufagio unakuja nyuma."

"Naimba," akasema yule mama. "Sauti mbaya, lakini naimba. Nini tena?"

"Kwamba unaniwekea ukoko. Wengine wakiutaka unawaambia umeungua."

"Huo uongo nimeusema sana. Endelea."

"Kwamba unaogopa vyura."

"Vyura hapana. Hapo umewadanganya wenzio. Mjusi ndiyo. Mjusi akiingia naweza kuhama nyumba."

"Nitawaambia," Petro akasema.

"Waambie. Mtu asisemwe asichokuwa. Nini tena?"

Alikuwa anapeta mchele huku anasikiliza. Chenga zilikuwa zinaruka, zinatua. Petro akaendelea, na kadiri alivyoendelea sauti yake ikashuka, ikawa kama ya mtu anayeota na kusimulia ndoto humohumo. Kwamba mama akikasirika hamwiti Petro, anamwita wewe kijana. Kwamba mikono yake inanuka vitunguu hata Ijumaa Kuu. Kwamba mvua ikinyesha usiku huwa anakuja kumfunika, na yeye hujifanya amelala. Yule mama alikuwa anajibu neno mojamoja. Ndiyo. Hapana. Hilo ndiyo, ila si vitunguu, ni kitunguu saumu. Na Petro alipofika kwenye mvua, ungo ukasimama.

Geti likafunguliwa bila hodi, akaingia jirani, mama mnene mwenye haraka. "Mama Brightson, nipe mbuzi nikune nazi, yangu imevunjika." Akatuona. Akamwona Petro. "Eh. Ndo Brightson huyu? Karudi kutoka Uarabuni?"

Mie nikaacha kutafuna.

"Siyo Brightson," yule mama akasema. "Brightson hata simu siku hizi hapigi. Huyu ni Petro."

"Petro yupi?"

Akapeta mara moja, mchele ukapanda wote pamoja ukashuka.

"Petro wangu," akasema. "Mbuzi iko nyuma ya mlango."

"Ahaa," akasema jirani, kwa ile sauti ya mtu anayepanga kurudi baadaye peke yake. Akachukua mbuzi akaondoka.

Nilimwangalia Arwa. Alikuwa anamenya chungwa kwa uangalifu, ganda likishuka bila kukatika, na uso wake haukuwa na habari yoyote. Arwa hupata alama za juu katika kila somo. Alipomaliza kulimenya alilipasua, nusu akampa Petro, akasema, "Kula, tutachelewa maji."

Yule mama akatusindikiza mpaka getini. Vitumbua vilivyobaki alivifunga kwenye gazeti akanikabidhi mimi, akaniambia vikifika boti vikiwa pungufu atajua ni nani. Sikujua amenisoma wapi. Kisha akamshika Petro mkono.

"Wewe kijana," akasema. "Ile laini yangu ya zamani imekufa. Una namba yangu mpya?"

Petro akatikisa kichwa.

"Utakuwaje nayo, nimebadilisha juzi tu. Andika."

Petro hakuwa na simu wala karatasi. Arwa akatoa kalamu kwenye begi, Petro akafungua kiganja cha kushoto, na yule mama akataja namba polepole, akisubiri kila tarakimu ikauke. Mwisho akamwambia aisome yote. Akaisoma. Akamwambia arudie.

"Mkifika Tanga upige, nijue mmefika. Usiku wowote. Mie silali mapema."

"Ndiyo mama."

"Na uache kusema naogopa vyura."

Tukapanda bajaji kurudi Kunduchi. Bajaji ilikuwa ya mtu mwingine asiyependa maongezi, jua lilikuwa limelala upande wa kushoto, na barabara iliturudishia vitanda vyake, maua yake na mbao zake kwa mpangilio wa kinyumenyume. Petro alikaa katikati, kiganja wazi juu ya goti, akikipuliza kila mara.

Maji yalikuwa yameanza kutoka. Kepteni Zubeida alikuwa ameshapelekwa botini na mvuvi, tanga limeshonwa, anatusubiri tufike na kiboti cha mpira alichotuachia mchangani. Tukakisukuma mpaka maji ya magoti, tukaruka ndani. Kwa desturi, kati ya ufukwe na boti huwa nawarushia wenzangu maji. Ni kazi niliyojipa tangu Mtwara, na sijawahi kuikosa. Petro alikaa upande wa mbele, akauinua mkono wa kushoto juu kabisa, kiganja wazi, mbali na mawimbi, akabaki nao hivyo.

Nikachukua kasia. Nililizamisha kwa adabu, nikalivuta kwa adabu, hakuna tone lililoruka. Arwa alipiga la upande wake vivyohivyo. Tukaenda juu ya maji mepesi, boti ikawa inakua mbele yetu, na ule mkono umesimama juu kama wa mtu anayekula kiapo mahakamani.

Kepteni alituona kwa mbali. Akadhani Petro anamsalimu, akampungia.